Umeombwa ukubali mshahara upunguzwe? Piga kwanza hesabu ya siku ya kuachishwa kazi

Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 kinasema kwamba mfanyakazi ambaye nafasi yake imeondolewa, bila kosa lake, alipwe mshahara usiopungua wa siku 15 kwa kila mwaka aliotimiza kazini. Kifungu hakisemi ni mshahara upi. Katika ofisi nyingi za Nairobi jibu hutolewa na kompyuta ya mhasibu: inachukua mshahara wa mwezi wa mwisho na kuuzidisha kwa miaka yote, hata ile uliyofanya kazi kwa mshahara mzima.

Ndiyo maana sahihi unayotia leo kukubali kupunguziwa asilimia 30 haigusi miezi ijayo tu. Inarudi nyuma na kula miaka uliyokwisha kuitumikia. Na kwa kuwa kampuni inayopunguza mishahara mara nyingi ndiyo hiyo hiyo inayopunguza watu baadaye, hesabu hii ifanywe kabla ya sahihi.

Hatua ya 1: Weka tarakimu mezani

Unahitaji vitu vitatu: barua ya kuajiriwa yenye tarehe ya kuanza kazi, hati ya mshahara ya mwezi uliopita, na idadi ya siku za likizo ambazo hujachukua. Ikiwa barua ya kuajiriwa imepotea, taarifa yako ya michango ya NSSF itaonyesha mwezi mwajiri alipoanza kukulipia, na fomu za kodi za P9 za kila mwaka zitaonyesha mshahara ulivyokwenda ukipanda.

Hesabu miaka iliyotimia tu. Sheria inasema mwaka uliotimizwa, kwa hiyo miaka 8 na miezi 11 ni miaka 8. Ukiona mwaka wako unatimia mwezi ujao na barua ya kuachishwa inaandaliwa sasa, tarehe ya mwisho ya kazi ni jambo la kujadiliana, si la kupokea tu.

Chukua mfano wa mtu mwenye mshahara wa msingi wa Sh90,000, aliyetimiza miaka 9, na ambaye bado ana siku 14 za likizo. Tugawanye mwezi kwa siku 30.

Kabla ya kupunguziwa: siku moja ni Sh3,000. Siku 15 ni Sh45,000. Mara miaka 9, anapata Sh405,000.

Baada ya kukatwa asilimia 30, mshahara ni Sh63,000: siku moja ni Sh2,100, siku 15 ni Sh31,500, na miaka 9 inatoa Sh283,500.

Hapo pametoweka Sh121,500. Ongeza mshahara wa mwezi mmoja badala ya notisi, ambao nao umeshuka kwa Sh27,000. Ongeza likizo: siku 14 kwa tofauti ya Sh900 kila siku ni Sh12,600. Jumla ni Sh161,100, mbali na Sh27,000 alizokuwa akizikosa kila mwezi.

Kuna pengo jingine ambalo watu hawalioni mpaka wafike mahakamani. Ukiachishwa kinyume cha sheria, fidia ya juu kabisa ni mishahara ya miezi 12, nayo huhesabiwa kwa mshahara wa jumla (msingi pamoja na marupurupu) uliokuwa ukipata wakati wa kuachishwa. Kwa mfano wetu, dari hiyo imeshuka kwa Sh324,000. Mwajiri mwenye wakili mzuri analijua hili kabla yako.

Kuhusu kigawanyo: baadhi ya waajiri hugawanya mwezi kwa 30, wengine kwa siku 26 za kazi, na hukumu zimetumia njia zote mbili. Kwa 26, mtu wetu angepata takriban Sh467,300 kwa mshahara wa zamani. Angalia mkataba wako au kitabu cha kanuni za wafanyakazi. Kama kimya kimetawala, dai 26 na uwe tayari kushushwa hadi 30.

Hatua ya 2: Soma barua ujue unaombwa nini hasa

Neno "kupunguza" hubeba mambo ambayo hayafanani hata kidogo siku ya hesabu ya mwisho.

Kupunguza mshahara moja kwa moja ndiko kubaya zaidi. Kiwango kipya ndicho mshahara wako, na cha zamani kimekufa.

Kuahirisha mshahara ni jambo tofauti. Ukiendelea na mshahara wa Sh90,000 lakini ukapokea Sh63,000 kwa miezi 6, mwajiri ana deni lako la Sh162,000, na kiwango cha kukokotoa malipo ya kuachishwa bado ni Sh90,000. Barua itumie neno la kuahirisha, itaje kiasi kwa kila mwezi, na iseme kwamba deni lote linaiva siku ya mwisho ya kazi kwa sababu yoyote ile. Barua inayosema "kampuni italipa hali ikiboreka" haijakuahidi chochote.

Kupunguza siku za kazi, tuseme kutoka 5 hadi 4 kwa wiki kwa asilimia 80 ya mshahara, kuna utetezi wake: malipo ya siku moja ya kazi hayajabadilika. Tatizo ni kwamba mhasibu atagawanya mshahara mpya wa mwezi kwa 30 kama kawaida. Taka barua itaje malipo ya siku kwa tarakimu, na iseme ndiyo yatakayotumika.

Likizo bila malipo haipaswi kukata mfululizo wa utumishi wako. Taka liandikwe, maana kuna ofisi ambazo huondoa miezi hiyo kwenye hesabu ya miaka.

Kisha kuna mabadiliko yasiyogusa pesa unayopeleka nyumbani, na ambayo kwa hiyo hupita bila kelele. Mshahara wa jumla unabaki Sh120,000, ila wa msingi unashushwa na marupurupu kuongezwa. Mwajiri anayekokotoa malipo ya kuachishwa kwa mshahara wa msingi, na wengi hufanya hivyo, ameshapunguza deni lake la baadaye bila wewe kuhisi kitu mwisho wa mwezi. Linganisha mstari wa mshahara wa msingi kwenye hati ya zamani na mpya, si mstari wa chini kabisa.

Hatua ya 3: Jua mwajiri hawezi kufanya nini peke yake

Kifungu cha 10(5) kinamtaka mwajiri ashauriane na mfanyakazi kabla ya kubadilisha masharti ya mkataba, kisha amjulishe kwa maandishi. Waraka wa barua pepe kwa wafanyakazi wote ukisema "kuanzia mwezi ujao" si mashauriano. Kukataa kupunguziwa si utovu wa nidhamu, na hakumpi mwajiri sababu ya kukufukuza. Kama hawezi kukulipa kiwango cha zamani, njia aliyopewa na sheria ni kifungu cha 40 chenye masharti yake yote.

Makubaliano pia yana sakafu mbili. Ya kwanza ni kima cha chini cha mshahara. Agizo lililoanza Novemba 2024 liliweka Sh16,113.75 kwa mwezi kwa kibarua wa kawaida jijini Nairobi, bila marupurupu ya nyumba, na kazi nyingine zina viwango vyake. Sahihi yako haiwezi kuhalalisha kushuka chini ya hapo. Ya pili ni mkataba wa makubaliano ya pamoja kama mahali penu pana chama cha wafanyakazi. Mkataba huo ukishasajiliwa mahakamani huwa sehemu ya mkataba wa kila mfanyakazi anayehusika, na mara nyingi hutoa siku zaidi ya 15 kwa mwaka. Usijadiliane peke yako kwenye chumba cha mikutano. Mwite kwanza mwakilishi wa chama.

Hatua ya 4: Usinyamaze

Hapa ndipo haki nyingi hupotelea. Mtu anapunguziwa mshahara bila kuulizwa, ananung'unika kwenye foleni ya matatu, lakini kazini anaendelea kimya kwa mwaka mzima na nusu. Akija kudai, mwajiri anajibu kwamba mwenendo wake ulikuwa ni kukubali. Hoja hiyo hushinda wakati mwingine.

Barua fupi inatosha, na iende mapema, ikiwezekana kabla ya mshahara wa kwanza uliopunguzwa kuingia benki. Ofisi nyingi zitaitaka kwa Kiingereza, lakini mambo ni haya:

"Nimepokea barua yenu ya tarehe fulani kuhusu kupunguzwa kwa mshahara wangu kutoka Sh90,000 hadi Sh63,000. Sijakubali mabadiliko hayo. Nitaendelea kufika kazini na kutekeleza majukumu yangu huku nikipinga, na kupokea kwangu kiasi kilichopunguzwa kusichukuliwe kuwa nimeridhia. Niko tayari kwa mashauriano."

Itume kwa barua pepe ya ofisi na ujipelekee nakala kwenye anwani yako binafsi, kwa sababu siku ya kuachishwa akaunti ya ofisi hufungwa kabla hujafika langoni. Ukipeleka karatasi, nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa.

Usijiuzulu kwa hasira. Ukiacha kazi mwenyewe, malipo ya kifungu cha 40 hayakuhusu, kwa kuwa hayo ni ya mtu aliyeondolewa na mwajiri. Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya Coca Cola dhidi ya Maria Kagai Ligaga ya mwaka 2015, ilikubali kwamba mfanyakazi anayelazimika kuondoka kwa sababu mwajiri amevunja mkataba anaweza kuhesabiwa kuwa ameachishwa. Lakini mzigo wa kuthibitisha ni wako, na ukikaa muda mrefu kabla ya kuondoka unazidi kuwa mzito. Zungumza na wakili kabla ya barua ya kujiuzulu.

Hatua ya 5: Ukiamua kukubali, nunua sentensi moja

Kuna sababu nzuri za kukubali. Kampuni inaweza kuwa inapumulia mashine kweli, na kazi ya Sh63,000 ni bora kuliko kesi. Hata hivyo ukubalifu wako una thamani siku hiyo tu, kabla ya sahihi. Baada ya hapo huna cha kubadilishana.

Jambo la kwanza kuomba, na ambalo mwajiri hukubali kwa urahisi kwa kuwa halimgharimu kitu mwezi huo, ni sentensi hii:

"Endapo ajira itakoma kwa sababu ya kuondolewa kwa nafasi, malipo ya kuachishwa, notisi na likizo yatakokotolewa kwa mshahara wa Sh90,000 uliokuwepo kabla ya tarehe ya mabadiliko haya."

Tarakimu iandikwe. "Mshahara wa awali" ni maneno yatakayobishaniwa miaka miwili baadaye, wakati meneja aliyeyaandika ameshahamia kampuni nyingine. Na sentensi iwe kwenye barua yenyewe inayotiwa sahihi na pande mbili. Ahadi ya meneja kwenye WhatsApp ni ushahidi, lakini ni ushahidi wa kupigania.

Akikataa ulinzi wa moja kwa moja, omba wa muda: kiwango cha zamani kitumike kama kuachishwa kutatokea ndani ya miezi 12 au 18. Akikataa hata huo, umepata habari muhimu kuhusu mipango yake.

La pili ni tarehe ya mwisho. Upunguzaji uanze na kuisha kwa tarehe zilizoandikwa, na mshahara urejee wenyewe bila barua nyingine. Bila tarehe, "muda mfupi" hugeuka kuwa kawaida.

La tatu ni mahali pa kukata. Rudi kwa mtu wetu na tuseme pamoja na msingi wa Sh90,000 ana marupurupu ya nyumba Sh20,000 na ya usafiri Sh10,000. Mwajiri anataka kuokoa Sh27,000. Zikitoka zote kwenye msingi, malipo ya kuachishwa ni zile Sh283,500. Usafiri wote wa Sh10,000 ukiondolewa kwanza na msingi ukakatwa Sh17,000 tu, msingi unabaki Sh73,000, nusu yake ni Sh36,500, na miaka 9 inatoa Sh328,500. Mwajiri ameokoa kiasi kile kile, na wewe umelinda Sh45,000 kwa kupanga upya mistari ya hati. Marupurupu ya nyumba hayawezi kufutwa tu hivi, kwa sababu kifungu cha 31 kinamtaka mwajiri akupe makao au pesa za kutosha kwa ajili ya makao.

Mwajiri anayekokotoa kwa mshahara wa jumla hutoa jibu jingine, kwa hiyo uliza kwanza anatumia upi. Maneno ya kifungu cha 40 ni "mshahara wa siku 15", hayasemi wa msingi pekee, na hoja ya kutumia mshahara wa jumla ni halali kuitoa.

Angalia pia vinavyoning'inia kwenye mshahara: mchango wa pensheni ya kampuni, bima ya maisha ya kikundi ambayo kwa kawaida ni mishahara ya miaka kadhaa, na fidia ya kuumia kazini, ambayo kwa ulemavu kamili wa kudumu ni mapato ya miezi 96. Na mkopo wa Sacco: makato yote kwa pamoja hayapaswi kuzidi theluthi mbili ya mshahara, hivyo mshahara ukishuka huenda awamu ulizopangiwa zisiingie tena. Nenda Sacco kabla ya mwezi wa kwanza, si baada ya kushindwa kulipa.

Hatua ya 6: Karatasi ambazo hupaswi kutia sahihi bila wakili

Mkataba mpya wenye tarehe mpya ya kuanza kazi. Huu hukata miaka 9 kuwa sifuri. Kinachotosha ni barua ya mabadiliko inayosema masharti mengine yote, pamoja na tarehe ya kwanza ya kuajiriwa, yanabaki.

Kuhamishwa kutoka ajira ya kudumu kwenda mkataba wa muda maalum, mwaka mmoja au miwili. Mkataba wa aina hii ukifika mwisho huisha wenyewe, na kwa kawaida hakuna kuachishwa wala malipo yake. Ikiwa lazima uende huko, malipo ya miaka iliyopita yakokotolewe kwa mshahara wa zamani na kulipwa kabla ya mkataba mpya kuanza.

Kuhamishiwa kampuni ya wakala inayosambaza wafanyakazi. Sheria ya Kenya haina kipengele kinachohamisha miaka yako moja kwa moja kwa mwajiri mpya. Kama mwajiri mpya hajaandika kwamba anaibeba, wa zamani ailipe.

Kujiuzulu kisha kuajiriwa upya. Hapana.

Hatua ya 7: Siku ikifika

Mwajiri lazima atoe notisi ya angalau mwezi mmoja kwa chama cha wafanyakazi, au kwako binafsi kwa maandishi kama huna chama, na kwa afisa wa leba, akieleza sababu na ukubwa wa upunguzaji. Katika kesi ya Kenya Airways ya mwaka 2014 ilielezwa kwamba hiyo ni notisi ya nia, si ya kuachishwa. Ile ya kuachishwa, ya mwezi mmoja au malipo badala yake, huja baadaye. Mwezi wa kwanza ni wa mashauriano, na ndio wakati wa kuuliza kwa maandishi: mshahara gani unatumika, kigawanyo gani, miaka mingapi. Toa barua yako yenye ile sentensi.

Omba karatasi ya hesabu inayoonyesha kila kipengele kabla ya makato. Malipo haya hutozwa kodi ya PAYE, kwa hiyo kiasi kitakachoingia benki kitakuwa kidogo kuliko hesabu yako. Usichanganye kodi na upunjaji.

Kisha hati ya kukiri kwamba umelipwa kila kitu na huna dai tena. Mahakama zimekuwa zikiziheshimu hati hizi pale mfanyakazi alipoitia sahihi akiwa anaelewa na bila kulazimishwa. Kama kiwango kilichotumika si sahihi, usitie sahihi, au andika kwa mkono juu ya sahihi yako kwamba umepokea kiasi hicho bila kuacha dai la tofauti. Wasipokubali nyongeza hiyo, chukua nakala uende kwa afisa wa leba wa eneo la kazi yako kwanza. Cheti cha utumishi ni haki yako hata mkiwa na mgogoro.

Madai ya kazi hufunguliwa ndani ya miaka 3, na kwa dhuluma iliyokuwa ikiendelea, miezi 12 tangu ikome. Tangu mwaka 2018, kesi za wenye mshahara wa jumla usiozidi Sh80,000 kwa mwezi husikizwa na mahakimu maalum. Wa juu ya hapo huenda Mahakama ya Uajiri na Mahusiano ya Leba, ambayo kwa Nairobi iko Milimani. Mtu wetu wa Sh120,000 hata akipunguziwa hadi Sh93,000 anabaki Milimani, lakini aliyekuwa na Sh100,000 akashushwa hadi Sh70,000 atahitaji wakili amwambie mshahara upi unaamua mlango wa kuingilia.